Unakwenda Kusoma Uskoti? Anza na Jina la Nchi

Kiswahili chetu kina jina moja kwa vitu viwili. Tukisema Uingereza, mara tunakusudia Ufalme wote wa Muungano, mara tunakusudia ile nchi ya kusini yenye London. Nyumbani hakuna anayeumia. Ukishuka Edinburgh na barua yako ya kukubaliwa chuoni, ukamwambia dereva wa teksi kwamba umefurahi kufika Uingereza na kuwaona Waingereza, hatakufokea. Atakusahihisha kwa upole, na wewe utakuwa umeanza safari kwa mguu wa kushoto.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyepata nafasi Edinburgh, Glasgow, Aberdeen, Dundee au St Andrews. Naipenda nchi ile, na ningependa uifikie ukiwa umejiandaa kuliko nilivyojiandaa mimi.

Hatua ya 1: Jua umekwenda nchi gani

Uskoti ilikuwa dola yenye mfalme wake na bunge lake. Mwaka 1707 bunge hilo liliungana na la Uingereza, ile nchi ya kusini, ikawa nchi moja ya Great Britain. Hata hivyo Waskoti walibaki na sheria zao, mahakama zao, kanisa lao na mfumo wao wa elimu. Mwaka 1999 walipata tena bunge lao, na sasa linakaa Holyrood, Edinburgh. Septemba 2014 walipiga kura kuamua kama wajitoe kabisa: asilimia 55 walikataa, 45 walikubali. Kidonda hicho bado hakijapona kwa pande zote mbili, kwa hiyo ukiulizwa maoni yako, sikiliza kwanza.

Mtanzania anaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko wageni wengi. Mwite Mpemba "mtu wa Bara" uone uso wake. Tumekulia ndani ya muungano wenye mambo ya muungano na mambo yasiyo ya muungano, na kule ni hivyohivyo. Uhamiaji, ulinzi na mambo ya nje yako London. Afya na elimu ziko Edinburgh. Ndiyo maana viza yako inatolewa na serikali ya London, lakini dawa anazokuandikia daktari wa Glasgow hulipii, tangu 2011, wakati mwenzako anayesoma Manchester anaweza kulazimika kulipia zake.

Kwa hiyo, kwa Kiswahili sema Uskoti na Waskoti. Kwa Kiingereza sema Scotland. Nchi nzima iite UK.

Jua pia kwamba hatukukutana nao jana. Mwalimu Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akatoka na shahada ya M.A. David Livingstone alizaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, mwaka 1813, na alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka kumi. Jengo alilozaliwa sasa ni makumbusho. Ukilitembelea, wakumbuke Susi na Chuma, waliouongoza msafara uliobeba maiti yake kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Mackinnon Road, pale kati ya Voi na Mombasa, ina jina la Mskoti aliyeanzisha kampuni ya kikoloni ya Afrika Mashariki mwaka 1888. Swala tomi wa Serengeti naye kapewa jina la Mskoti, Joseph Thomson. Si historia ya kupendeza yote. Chuo Kikuu cha Glasgow chenyewe kilikiri mwaka 2018 kwamba kilinufaika na fedha zilizotokana na utumwa. Waskoti wengi wa rika lako wako tayari kuyazungumza haya, mradi uyalete kama mazungumzo.

Hatua ya 2: Karatasi, ukiwa bado nyumbani

Hapa fuata mpangilio, maana karatasi moja huzaa nyingine.

Kwanza subiri chuo kikupe uthibitisho unaoitwa CAS. Namba yake ndiyo inayofungua maombi ya viza ya mwanafunzi. Unaweza kuomba viza kuanzia miezi sita kabla ya masomo kuanza. Pili, kapime kifua kikuu. Waombaji wanaoishi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanatakiwa kuwa na cheti hicho kama kozi inazidi miezi sita, na kinakubaliwa tu kikitoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali yao. Cheti cha hospitali ya wilaya hakitakusaidia, hata kiwe na mihuri mitatu.

Tatu, fedha za kujikimu zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Kiwango hubadilika, kisome kwenye tovuti ya serikali wiki unayoomba. Watu wananyimwa viza kwa sababu ya siku ya 27: baba kaazima fedha kidogo kwa ajili ya msiba, akarudisha kesho yake, na hesabu ikaanza upya. Waeleze wazazi mapema kwamba fedha hizo hazigusiki.

Utalipa pia ada ya huduma ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Inauma, lakini ndiyo inayokupa haki ya kutibiwa kama mwenyeji, kwa hiyo itumie. Viza siku hizi ni ya kielektroniki. Fungua akaunti yake na uhifadhi nywila vizuri.

Kwenye begi usiweke nyama wala maziwa ya aina yoyote, hata kibuyu cha bibi, vitachukuliwa forodhani. Unga wa sembe utaupata kwenye maduka ya Waafrika na Waasia. Viungo vya pilau vibebe.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza

Jiandikishe kwa daktari wa mtaa unaoishi kabla hujaumwa. Wanafunzi wengi husubiri hadi homa iwashike Novemba, ndipo waanze kutafuta fomu. Kupimwa macho ni bure pia. Dharura ni 999, ushauri wa afya usio wa dharura ni 111.

Kama hujatimiza miaka 22, omba mara moja kadi ya usafiri ya vijana, maana tangu Januari 2022 vijana wakazi wa Uskoti hupanda basi bure nchi nzima. Nchi nzima maana yake ni hivyo: unaweza kutoka Glasgow hadi Inverness bila kutoa senti. Ukishuka kwenye basi, mshukuru dereva. Kila mtu hufanya hivyo, na anayeshuka kimya huonekana.

Noti zitakushangaza. Benki tatu za Uskoti huchapisha noti zake zenyewe, kila moja na picha zake, na zote ni pauni halali ya thamani ileile. Ukisafiri kwenda London, baadhi ya wenye maduka huzigeuza mara mbili na kukataa. Tumia kadi huko, noti zibakize Uskoti.

Saa nayo: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, Jumapili ya mwisho ya Machi husogezwa mbele. Kwa hiyo nyumbani, kama ni Tanzania, Kenya au Uganda, wanakutangulia saa mbili majira ya joto na saa tatu majira ya baridi. Mwambie mama, asije akakupigia ukiwa usingizini.

Hatua ya 4: Chumba

Mwaka wa kwanza chukua bweni la chuo ukiweza. Ukipanga mtaani, sheria ya Uskoti inakulinda kuliko unavyodhani. Mwenye nyumba lazima awe amesajiliwa, na daftari la usajili liko wazi kwa yeyote kulitazama. Amana haizidi kodi ya miezi miwili, na lazima ipelekwe kwenye mfuko maalumu ndani ya siku 30 za kazi. Haikai mfukoni mwake. Dalali haruhusiwi kukutoza ada ya kukupangisha.

Usitume fedha kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hamjakiona. Rafiki yangu mmoja alituma amana akiwa bado Mwanza, kwa mtu aliyemtumia picha nzuri na mkataba wenye nembo. Alipofika na masanduku yake mawili, anwani ile ilikuwa kinyozi. Alilala sakafuni kwangu wiki tatu.

Siku ya kuingia piga picha kila kona, hasa madoa ya ukungu kwenye dirisha la bafuni. Nyumba za mawe za Edinburgh ni nzuri sana kwa nje na zina unyevu kwa ndani. Fungua dirisha kidogo kila siku hata kwenye baridi. Vyumba vingine vina mita ya umeme ya kulipia kabla, utaielewa mara moja ukishatumia LUKU.

Hatua ya 5: Fungua masikio upya

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo Mswahili ana nafasi nzuri kuliko anavyojua.

Shuleni mwalimu wetu wa Kiingereza alitukata maksi kila tulipoandika "I stay at Mbagala". Alisema tunatafsiri "nakaa" neno kwa neno, na kwamba lazima iwe "live". Wiki yangu ya kwanza Edinburgh, bibi mmoja kituoni, na mfuko wa magurudumu mkononi, aliniangalia akaniuliza: "And where d'you stay, son?" Nikadhani anauliza hoteli. Kumbe anauliza ninakokaa, kama anavyouliza bibi yeyote wa Temeke, na neno la "mwanangu" juu yake. Ndivyo wasemavyo Waskoti. Nilitamani mwalimu wangu angekuwepo.

Matamshi pia yanatubeba. Mskoti hutamka r yake yote, kama sisi: "card" husikika kama kadi yenye r ndani yake, si kama wanavyoimeza watu wa London. Usiifiche r yako ili uonekane umestaarabika. Na neno "loch", yaani ziwa, lina ile kh ya Khamisi na ya kheri. Wageni wengi husema "lok". Wewe sema kama unavyosema "masalkheri", utaona wanavyotabasamu. Edinburgh hutamkwa Edinbra, wala usiimalizie kwa "bag".

Maneno ya kuanzia: "aye" ni ndiyo. "Wee" ni dogo, lakini hutumika kulainisha kila kitu, kama tunavyosema "kidogo" kwenye "nisaidie kidogo". "Ken" ni kujua. "Bairn" ni mtoto. "Dreich" ni ile hali ya mvua ya rasharasha, mawingu mazito na baridi ya kupenya, na utaihitaji kuanzia Oktoba. "Messages" ni mahitaji ya nyumbani ya dukani. Mtu akisema anakwenda kuchukua messages hajapata ujumbe wowote. "Outwith" ni nje ya, na utaiona hata kwenye kanuni za chuo. "Half seven" ni saa moja na nusu. "Tea" mara nyingi ni chakula cha jioni, kwa hiyo ukialikwa tea saa kumi na mbili, usile kwanza.

Usipoelewa, sema hukuelewa. Kutikisa kichwa kwa heshima, kama tulivyozoea mbele ya wakubwa, kutakuingiza kwenye makubaliano usiyoyajua. Glasgow watu huongea haraka zaidi, na watarudia mara tatu bila kuchoka. Mbali na Kiingereza wana Kiskoti, ambacho wengi hukihesabu kuwa lugha kamili, na Kigaeli, utakachokiona kwenye vibao vya stesheni.

Hatua ya 6: Darasani

Shahada ya kwanza huchukua miaka minne, si mitatu kama kusini, na miaka miwili ya mwanzo unaweza kuchanganya masomo.

Mhadhiri wako, mzee wa miaka sitini na ushee, atakuambia umwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi utakataa. Mimi nilikaa muhula mzima bila kumwita msimamizi wangu jina lolote. Nilikuwa nasubiri anitazame ndipo niseme. Hiyo haikuwa heshima kwake, ilikuwa ukuta. Mwite alivyosema. Heshima yao wanaipima kwingine: kufika kwa wakati, kusoma ulichoambiwa usome, na kuuliza swali. Kwenye semina ndogo kimya chako husomeka kama hukujiandaa. Jitayarishe na swali moja kila wiki, uliandike, na ulitoe dakika kumi za mwanzo kabla ya woga kukua.

Nukuu kila unachochukua kwa mwingine. Ukibanwa na ugonjwa au msiba, andika barua pepe kabla ya tarehe ya mwisho, wataongeza muda. Ukiandika baada ya tarehe, mambo huwa magumu. Kazi ya kulipwa isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wanahesabu kweli, na viza hupotea hapo.

Hatua ya 7: Giza kabla ya baridi

Kila mtu atakutisha na baridi. Baridi ina dawa. Usinunue koti zito Dar wala Nairobi. Nunua kule, kwenye maduka ya hisani, yanayouza vitu vilivyotolewa msaada, yaliyojaa kila mtaa, kwa bei ya mtumba. Nguo nyingi za maduka hayo zikikosa mnunuzi ndizo hufungwa marobota yanayofika Karume na Gikomba, kwa hiyo wewe unachagua kabla yetu sote. Vaa nguo nyepesi tatu, moja juu ya nyingine, na ya nje izuie upepo. Mwavuli hautakufikisha Desemba, upepo wa Edinburgh huugeuza nje ndani.

Giza ndilo linaloshika watu bila kujua. Katikati ya Desemba jua la Edinburgh huchomoza saa 2:40 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri. Mwanafunzi anayeamka saa nne huona jua kwa kitambo kidogo tu, na baada ya wiki tatu anashangaa kwa nini hana hamu ya kula wala ya kupiga simu nyumbani. Si uvivu, wala hujarogwa. Toka nje kila siku mchana, hata kama ni dreich. Meza vitamini D: serikali yao hushauri mikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mwaka mzima. Ikizidi, nenda kwa mshauri wa chuo. Ni bure na ni siri.

Kwa Mwislamu, kalenda ya swala hubadilika sana. Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi hubanana ndani ya takriban saa tatu na nusu. Juni jua huzama saa nne usiku na kurudi saa kumi na nusu alfajiri. Msikiti mkuu wa Edinburgh uko hatua chache kutoka chuoni.

Hatua ya 8: Ingia kwa watu

Waskoti ni watu wa utani. Ule utani wa Mchaga na Mpare ndio uliopo kati ya Glasgow na Edinburgh. Mwenzako akianza kukutania, mara nyingi ana maana umeshakuwa wa kwao. Mjibu. Lakini utani una mpaka: maneno ya ubaguzi si utani, nao wenyewe wanajua hivyo. Yakikukuta, andika saa, mahali na maneno yaliyosemwa, kisha ripoti chuoni au polisi kwa namba 101. Yapo, japo si kila siku.

Baa ndiyo kibaraza chao. Si lazima unywe pombe. Wanakwenda kwa zamu: mmoja hununulia meza nzima, kisha mwingine. Ukikubali soda ya mtu, zamu yako itakuja, usiikwepe.

Mpira ni mlango mzuri wenye mtego. Wakenya mnaye Victor Wanyama, aliyeifungia Celtic dhidi ya Barcelona Novemba 2012, Celtic wakashinda 2-1. Taja jina hilo Glasgow mashariki uone utakavyopokewa. Ila Celtic na Rangers wana historia ya Ukatoliki na Uprotestanti nyuma yao. Siku ya mechi yao usivae kijani wala bluu mjini Glasgow.

Tarehe 25 Januari ni usiku wa Robert Burns, mshairi aliyezaliwa 1759. Utaletewa haggis: moyo, ini na mapafu ya kondoo, yaliyosagwa na nafaka iitwayo oats, vitunguu na pilipili manga, kwa desturi ndani ya tumbo la kondoo. Aliyekula mutura au supu ya utumbo hana cha kuogopa. Ipo pia isiyo na nyama. Kabla ya kula, mtu husimama na kuisomea haggis shairi, kisha huichoma kisu kwa mbwembwe. Sisi watu wa mashairi tusikae nyuma usiku huo. Mwenyeji wako akiuliza nani mwingine ana ubeti, kariri ubeti wako wa Kiswahili. Nilifanya hivyo mwaka wa pili, na mzee mmoja aliniomba niurudie taratibu asikie vina.

Ukialikwa ceilidh, inatamkwa "keli", nenda. Ni ngoma ya pamoja, mtu mmoja hutangaza hatua kabla ya muziki kuanza. Vaa viatu bapa. Kwenye ile iitwayo Strip the Willow utarushwa kutoka mkono hadi mkono mstari mzima. Shika mkono wa mwenzako kwa nguvu karibu na kiwiko, usishike vidole, vitateleza.

Na ukibaki kule mwaka mpya, ambao huuita Hogmanay, usijifungie chumbani. Mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku ndiye anayeleta heri ya mwaka, na desturi yao inamtaka awe mtu mwenye nywele nyeusi. Jirani yangu alinigongea saa sita kasoro dakika kumi, akaniomba nitoke nje kwenye baridi, nisubiri kengele, kisha nigonge mlango wake. Usiingie mikono mitupu. Cha asili ni kipande cha makaa ya mawe na biskuti za siagi. Mimi nilikuwa na visheti vya nyumbani kwenye kopo, nikaingia navyo.